Kabla Hujamnunulia Mama Kiti cha Ngazi

Mama yangu mkubwa, wa Kibosho, alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume. Mkono wa kulia ameshika ukuta, wa kushoto amebeba kandambili zake kwa sababu zinamtelezesha. Anatanguliza mguu wenye goti bovu, anausikilizia, kisha anauleta ule mzima usimame pembeni yake. Stepu 17, na katikati pana sakafu ndogo pale ngazi inapokunja. Mimi nilikuwa chini, mikono nimeinyoosha kama mtu anayengoja kudaka embe, maana alikuwa amekataa kushikwa. "Niache mwanangu, ukinigusa ndipo nitaanguka."

Nyumba ile walimjengea wanawe. Ghorofa moja katikati ya migomba, na chumba kikubwa chenye choo cha ndani wakakiweka juu kwa heshima ya mama. Alipohamia, magoti yalikuwa bado ya mtu anayechuma kahawa. Miaka ikasogea. Mwanawe aliye Marekani, binamu yangu, akaona tangazo la kiti cha ngazi, akapata kilichotumika kwa bei nzuri, akakipakia kwenye kontena la rafiki yake pamoja na magodoro na friji. Kilipofika Kibosho fundi alikifungua, akakitazama, akaitazama ngazi, akanyamaza. Reli ilikuwa ya ngazi iliyonyooka. Ngazi ya mama mkubwa inakunja. Na chaja yake ilikuwa ya volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230. Kiti kile kiko stoo mpaka leo, kimefunikwa turubai.

Fedha ilikuwepo, upendo ulikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyepima. Nakuandikia wewe ambaye una mzazi Machame, Uru, Marangu, Rombo au hapo Moshi mjini, na sasa uko karibu kuagiza. Subiri kidogo, usome haya kwanza.

Kitu chenyewe ni rahisi kuelewa. Ni kiti kinachotembea juu ya reli iliyofungwa kwenye stepu za ngazi, pembeni. Mtu anakaa, anafunga mkanda, anabonyeza swichi iliyo kwenye mkono wa kiti, na kiti kinampandisha polepole akiwa ametazama upande wa pili wa ngazi. Akifika juu, kiti kinazunguka ili ashukie sakafuni, mgongo ukiwa umeelekea kule kwenye shimo la ngazi. Kiwango cha Ulaya, EN 81-40, hakiruhusu kiti hicho kizidi sentimita 15 kwa sekunde, kwa hiyo reli ya mita 5 na nusu huchukua zaidi ya nusu dakika. Si kifaa kipya: tangu miaka ya 1920, C. C. Crispen wa Pennsylvania alikuwa ameshatengeneza kiti cha kupanda ngazi kwa umeme wa nyumbani. Kwetu ndio kwanza kinaanza kuulizwa, kwa sababu nyumba za ghorofa vijijini ni za kizazi hiki, na waliojengewa sasa wamezeeka.

Anapanda kufuata nini?

Swali la kwanza halihusu mashine. Kaa na mzee, muamkie, mpe muda, kisha muulize: huko juu unafuata nini? Usimjibie. Usimwachie dada wa kazi amjibie. Mwingine atakwambia choo. Mwingine atasema kitanda, kwa sababu mzee mwenzake analala huko na wamelala pamoja miaka 50. Mwingine anafuata kibaraza ambako simu inashika mtandao vizuri na wajukuu wa Dar wanaonekana bila kukatakata.

Sisi tulimuuliza mama mkubwa tukiwa tumechelewa, kiti kikiwa tayari kiko stoo. Alisema: mlima. Akiamka anataka kumwona Kibo kabla mawingu hayajamfunika, na chumba cha chini kilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama migomba. Basi. Wanawe wote walidhani ni heshima ya chumba kikubwa, wakawa wanaogopa hata kumtajia kushuka chini asije akaona ameondolewa kwenye nafasi yake. Fundi alitoboa ukuta wa kaskazini, akaweka dirisha pana, akageuza stoo nyingine ndogo iliyo pembeni ya chumba hicho kuwa choo cha kukaa chenye vishikio viwili vya bomba. Kazi ilikwisha ndani ya wiki mbili. Sasa anamwona Kibo akiwa kitandani, na stepu 17 amewaachia vijana.

Naanza na hilo kwa sababu katika nyumba nyingi za huku mlimani, kuhamishia kitanda na choo chini ndiyo suluhisho bora kuliko kiti chochote. Halikatiki umeme, halihitaji spea, na linamfaa mzee hata siku atakapokuwa wa kitandani. Ukiweza kufanya hivyo, na mzee akaridhia kwa moyo wake, fanya, na fedha iliyobaki tengeneza njia ya nje, nitakuja huko.

Lakini zipo nyumba ambazo haiwezekani. Zile za Moshi mjini kati, duka chini na makazi juu, hazina chumba cha kushushia mtu. Zipo zilizojengwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mlango wa barabarani uko ghorofa moja na jiko liko nyingine. Yupo mama mwenye miaka 55 aliyepata kiharusi, bado ana kazi na watoto, na maisha yake yote yako juu. Kumwambia ahamie chumba cha wageni ni kumpunguzia maisha. Kwa hao kiti cha ngazi ni kitu cha maana, na wanastahili kilichochaguliwa sawasawa.

Mpime mtu

Kiti hiki ni cha mtu anayeweza kukaa wima bila kuegemezwa, akahama kutoka kusimama hadi kukaa na kurudi, mwenyewe au kwa msaada mdogo. Mtu anayeishi kwenye kiti mwendo na hawezi kuhama hakimfai. Huyo anahitaji jukwaa la umeme la kumwinua akiwa ndani ya kiti mwendo chake, au chumba cha chini. Na hata anayeweza kuhama, jiulize: akishafika juu anatembea na nini? Fremu ya kutembelea haipandi naye. Inabidi moja iwe juu na nyingine chini, na bajeti ijue hivyo.

Jaribu hivi nyumbani. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, mwambie mzee akae na kuinuka mara tatu. Kama anahitaji kujisukuma kwa nguvu, kimo cha kiti cha ngazi ni jambo kubwa kwake. Uliza kama kinaweza kufungwa juu zaidi. Kama goti halikunji kabisa, kiti cha kawaida kitamfanya mguu utokeze na kugonga ukuta wa pili. Vipo viti vya kuegemea nusu umesimama, lakini navyo vinataka mtu mwenye miguu ya kumbeba. Muulize pia kuhusu kizunguzungu anapoinuka. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye anaweza kufungua mkanda katikati ya safari, asipande peke yake.

Kisha mkono. Kiharusi huchagua upande. Kama mkono wa kulia hauna nguvu, swichi ikae kushoto, na iwe ile ya kusukuma kwa kiganja kizima. Swichi hizi zinabidi zishikiliwe muda wote kiti kinapokwenda, ukiachia, kinasimama. Huo ni usalama, ila kwa vidole vyenye baridi yabisi nusu dakika ni ndefu. Vilevile kile kitendo cha kuzungusha kiti kikifika juu: katika viti vingi ni wenzo unaovutwa kwa mkono, katika vingine ni mota. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mama atashuka mwenyewe au atakaa pale juu akiita.

Mpime na uzito, zahanati iliyo karibu inatosha. Viti vingi hubeba mpaka kilo 120 au 140, vipo vya zaidi. Usikadirie kwa macho, wala usimuulize mtoto wake aliye mbali.

Moshi ina bahati ambayo miji mingi haina. Pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, na katika eneo hilohilo kuna TATCOT, chuo ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo kazi yake hasa ni hii: kumtazama mtu akivaa, akioga, akipanda, akishuka, na kusema ni nini kinamfaa. Mpeleke mzee huko kabla ya kuagiza. Nenda na video fupi ya simu inayomwonyesha akipanda na kushuka ngazi yake mwenyewe, kwa sababu akifika hospitali atajikaza na kutembea kama askari.

Pima ngazi

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au kupotea. Tafuta futi ya chuma, ile ya fundi, penseli, na mtu wa kukushikia upande wa pili.

Jambo la kwanza ni umbo. Ngazi inayokwenda moja kwa moja kutoka chini hadi juu hutumia reli nyoofu, ambayo inakatwa kwa urefu unaotakiwa. Hii ndiyo nafuu, ndiyo inayoweza kununuliwa ikiwa imetumika, na ndiyo inayoweza kuhamishwa nyumba nyingine. Ngazi inayokunja, kama nyingi zilizojengwa kwetu kwa sababu hazili nafasi, inahitaji reli ya kona iliyopindwa kiwandani kwa vipimo vya ngazi hiyo na si nyingine. Bei yake ni mara mbili ya nyoofu au zaidi, na siku usipoihitaji hakuna wa kuinunua. Usinunue kamwe reli ya kona iliyotumika, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ipo njia ya tatu ambayo wauzaji huisahau: reli mbili nyoofu, kiti kimoja cha chini hadi sakafu ya katikati, kingine kutoka hapo hadi juu. Inawezekana pale tu sakafu ya katikati ni pana kiasi cha mtu kushuka, kugeuka na kukaa tena, na mtu mwenyewe ana uwezo wa kuhama mara mbili kila safari. Kwa mwenye magoti mabovu lakini mwenye mizani nzuri ya mwili, inafaa. Kwa aliyepata kiharusi mimi nisingeishauri, kwa sababu ile sakafu ya katikati ni mahali pa kuangukia.

Upana. Pima kila stepu, kwa sababu ngazi zetu humwagwa zege kwa mbao za fundi na mara nyingi juu ni nyembamba kuliko chini. Chukua upana mdogo kuliko wote. Chini ya sentimita 70 viti vingi havifai. Halafu fanya jaribio hili: weka kiti cha kawaida chini ya ngazi, mgongo wake umegusa ukuta, mzee akae, miguu yake ikae kama ilivyozoea. Pima kutoka ukutani hadi ncha ya goti au kidole cha mguu, kile kilicho mbele zaidi. Ongeza sentimita chache, kwa sababu reli nayo inachukua nafasi nyuma ya kiti. Kama jumla hiyo inazidi upana wa ngazi, magoti ya mama yatakwaruza ukuta au yatagonga vyuma vya ukingo stepu zote 17.

Sasa tazama chini na juu ya ngazi. Reli huvuka stepu ya mwisho na kutokeza sakafuni. Je, kuna mlango unafunguka hapo? Na je, kuna geti la chuma? Nyumba nyingi za Moshi zina geti la kufunga ngazi usiku, na hili husahaulika kuliko yote. Reli ikipita hapo, geti halifungi. Utachagua kati ya kulihamisha geti na kununua reli yenye sehemu inayokunjwa, na bora uchague kabla fundi hajafika. Juu, pima kama pana nafasi ya mtu kusimama na kugeuka na fremu yake bila kisigino kuning'inia kwenye stepu.

Kisha marumaru. Reli haifungwi ukutani, inafungwa kwenye stepu zenyewe kwa miguu ya chuma na bolti. Zege letu ni zuri kwa kazi hiyo, kuliko mbao za Ulaya ambazo viti hivi vilitengenezewa, lakini bolti ziwe za zege, zile za kutanuka ndani ya tundu, na kasha la kiwandani mara nyingi huja na skrubu za mbao. Gonga kila marumaru kwa sarafu. Inayolia tupu haina saruji ya kutosha chini yake na itapasuka ikitobolewa. Iondolewe na kubandikwa upya kwanza. Fundi aanze kutoboa polepole bila kugongesha drili mpaka avuke marumaru, ndipo aanze kugongesha kwenye zege. Akikutana na nondo, asogee, asilazimishe.

Na urefu: vuta kamba kutoka ncha ya stepu ya chini kabisa hadi ukingo wa sakafu ya juu, uipime. Hesabu stepu, pima kimo cha kila moja, andika zote hata zikitofautiana. Piga picha kutoka chini, kutoka juu, na kutoka pembeni, na futi ionekane kwenye picha. Karatasi hiyo moja ingemwokoa binamu yangu.

Umeme

Watu wengi huniuliza hili kwanza: umeme ukikatika je? Jibu linatuliza. Kiti cha ngazi cha kisasa hakiendeshwi moja kwa moja na umeme wa TANESCO. Kinaendeshwa na betri zake, kwa kawaida mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, na umeme wa ukutani kazi yake ni kuzichaji. Umeme ukikatika kinaendelea kupanda na kushuka mara kadhaa. Muulize muuzaji ni mara ngapi kwa uzito wa mzee wako na urefu wa ngazi yako, akuandikie. Fungua kifuniko utazame betri: zikiwa za aina ileile inayotumika kwenye UPS za kompyuta na ving'ora, utazipata hapa nchini. Zikiwa za umbo la pekee la kiwanda, kila baada ya miaka kadhaa utakuwa mteja wa posta.

Kinachoua betri ni chaji kukosekana muda mrefu. Kiti kinachaji kikiwa kimeegeshwa kwenye kituo chake, kwa kawaida chini au juu kabisa. Kikiachwa katikati hakichaji, na vingi hulia mlio wa kuonya. Dada wa kazi anayezima swichi za ukutani usiku ili uniti za LUKU zisiishe haraka, na ana nia njema kabisa, anaweza kuziua betri hizo ndani ya muda mfupi. Weka karatasi juu ya swichi hiyo: ISIZIMWE. Weka na kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Msimu wa mvua huku juu, radi na umeme wa kurukaruka vimeunguza friji na televisheni nyingi, na bodi ya kiti cha ngazi ni laini kuliko friji.

Kama kiti kimetoka Marekani, chaja yake ichunguzwe kabla ya kuchomekwa. Ikiandikwa 120V tu, tafuta chaja ya 230V ya kiti hichohicho. Kilichotoka Uingereza au Ulaya hakina shida hiyo.

Kununua

Uingereza, kiti kipya cha ngazi nyoofu huanzia kama pauni 2,000 kikiwa kimefungwa, cha kona huenda mbali zaidi. Kwetu ongeza usafiri, bandari na fundi. Kampuni za lifti zilizoko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi huweza kuagiza, na swali la kuziuliza si bei kwanza. Uliza: kikisimama siku ya Jumapili, nani anakuja Kibosho, kutoka wapi, baada ya siku ngapi, na ana spea gani mkononi? Arusha ni kilomita kama 80 tu kutoka Moshi. Dar ni safari ya siku nzima. Kampuni inayojibu "tutatuma mtu" bila kutaja jina wala mji, mimi ningeiacha. Waranti isiyo na fundi ni karatasi.

Kuhusu ushuru: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye jedwali lake la tano la misamaha, inataja vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Msamaha hauji wenyewe. Zungumza na wakala wa forodha na ofisi ya TRA kabla mzigo haujapakiwa, ukiwa na barua ya daktari inayoeleza hali ya mgonjwa na kwa nini anahitaji kifaa hicho. Kuomba kontena likiwa limeshafika bandarini ni kulipa gharama za kukaa wakati karatasi zinazunguka.

Siku ya kufunga, mzee awepo. Apande na kushuka mwenyewe mara nyingi, mbele ya fundi, kabla fundi hajalipwa sehemu ya mwisho. Weka kitabu au kanga iliyokunjwa kwenye stepu uone kama kiti kinasimama chenyewe sehemu ya kuwekea miguu inapoigusa, lazima kisimame. Muulize fundi jinsi ya kukiteremsha kwa mkono kikikwama katikati, kama kina uwezo huo, na amfundishe mtu anayelala nyumbani humo. Binti wa Dar akijua, hilo halisaidii usiku wa saa nane. Mzee afundishwe jambo moja: kikisimama katikati, abaki amefunga mkanda, apige simu. Simu iwe shingoni au mfukoni, isiwe juu ya meza. Na Krismasi ikifika, wajukuu wote wakirudi nyumbani, ondoa ufunguo wa kiti. Watakipanda wote, zamu kwa zamu, mpaka betri ziishe.

Ngazi za nje

Nimeona familia ikifunga kiti kizuri ndani, na mama bado hajatoka nje miezi mitatu. Kati ya mlango wake na barabara kuna stepu za udongo zilizokatwa kwa jembe, zimetegewa mawe, na masika yakianza mwezi Machi zinageuka sabuni. Ibada haendi, jumuiya haendi, msibani haendi, kliniki hubebwa na vijana wanne. Huyo mama hajasaidiwa.

Njia ya mteremko ya kiti mwendo, kwa kipimo kinachokubalika, hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Maana yake baraza lenye kimo cha sentimita 60 linataka njia ya mita 7 na kidogo. Nyumba iliyo mita 2 juu ya barabara inataka mita 24, pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia. Kwenye kihamba hiyo ni migomba kadhaa, na njia itabidi izunguke. Kaeni na jirani mapema kama itagusa isale la mpaka, na kama inavuka mfongo, weka kalavati, msizibe maji ya watu. Zege lichanwe kwa fagio gumu likiwa bichi ili lisiteleze. Upande huu wa kusini wa mlima, zege laini huota ukijani ndani ya msimu mmoja. Vishikio vya bomba pande zote mbili, kimo cha sentimita 85 hadi 95, fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaviweza.

Kama mzee anatembea kwa mkongojo na hatumii kiti mwendo, huenda hahitaji njia ya mteremko hata kidogo. Stepu fupi za sentimita 15, pana za kukanyagia, za kimo kilekile kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na bomba la kushika, zitamtosha, tena kwa gharama ndogo. Viti vya ngazi vya kufunga nje vipo, vina vifuniko vya mvua, lakini kwa vumbi jekundu la kiangazi na mvua ya huku, bila paa juu yake nisingekufungia. Mara nyingi fedha hiyo inatosha kulima njia ya gari ifike mlangoni.

Mwaka 2003 Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akiwa kwenye kiti mwendo, na mwaka 2012 Kyle Maynard, asiye na mikono wala miguu kamili, alifika huko kwa kutambaa. Walikuwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa miili yao na watu waliopanga kila hatua. Mzee wa Uru anaomba kufika kanisani. Naye apangiwe.

Wewe ambaye bado unajenga

Kama msingi wa nyumba ya wazazi ndio unachimbwa sasa, una nafasi ambayo binamu yangu hakuipata. Weka chini chumba kimoja cha kulala chenye choo na bafu, mlango wa sentimita 90, bila kizingiti, na dirisha kubwa linalotazama upande anaoupenda mzee. Ngazi iwe nyoofu, upana wa mita moja, stepu za kimo kimoja kisichozidi sentimita 17. Acha soketi ya umeme chini ya ngazi na nyingine juu. Ukutani kwenye bafu la chini, jaza zege matofali yatakayofungiwa vishikio, hata kama leo hakuna anayevihitaji. Yote haya kwa sasa ni penseli kwenye ramani. Baada ya kumwaga zege yatakuwa nyundo na vumbi ndani ya nyumba anamoishi mtu asiyeweza kutoka. Fundi wako yuko saiti, mpigie leo.